Mlango wa Mwanakheri

Mgeni anapiga hodi wakati macho yangu yameshaanza kuwa mazito. Nimejilaza mkekani katika chumba cha nyuma, juu ghorofani, mjini Tanga, na upande wa pili wa pazia Chedieli anakaza nyuzi za gitaa lake, anakaza na kulegeza, anakaza na kulegeza, huku watu wa ukumbi wakiburuta viti. Jua bado liko juu ya mapaa. Shughuli yetu itaanza baada ya magharibi: jioni ndogo ya mashairi, sauti yangu na gitaa la Chedieli, watu wachache kwenye viti vya kuazima, na bwana mmoja wa redio aliyekuja na kinasa sauti ili jioni hii isikike hata kwa walio mbali. Nimesema nipumzike kidogo tu. Nimefumba macho nisiufikirie ule ubeti tulioukata asubuhi, lakini nikifumba ndipo unapokuja. Hodi, anasema mgeni. Karibu, naitika kwa mazoea, na papo hapo natambua kwamba sauti haikutoka mlangoni. Imetoka ukutani, mahali pasipo na mlango.

Nafumbua macho, au nadhani nafumbua. Amesimama pale, mwanamume mwenye koti zito lisilofaa kwa joto letu, begi begani, viatu vina vumbi la rangi nisiyoijua, na mahali pa uso wake hapana kitu, pako laini kama mgongo wa sahani. Siogopi. Ninachokisikia ni aibu, kama mtu aliyekutwa na kitu cha wenyewe mkononi. Samahani dada, anasema, ni wewe uliyeimba? Bado sijaimba, namwambia, naimba jioni. Mimi nimeshasikia, anasema, nimesikia redioni huko niliko, nikafunga mizigo siku hiyohiyo. Sasa nimefika na sioni pa kuingilia. Twende ukanionyeshe. Nikuonyeshe nini? Anainamisha kichwa kama anayetafuta maneno rahisi. Kitu kilicho wazi mchana na usiku, anasema, na bado mwenye haki nacho hawezi kuingia. Hicho ni kitendawili, kaka yangu, namwambia. Ndiyo, anajibu, na umekitega wewe.

Anatangulia, nafuata, ukuta unatupisha kama watu wanavyopishana ngazini, na sasa tuko barabarani. Barabara ni nyeupe, haina kona wala kituo. Inapanda kidogo, inapumua, inashuka, halafu inapanda tena vilevile, na miguu yangu inaitambua kabla sijaitambua mimi. Ni shairi. Tunatembea juu ya shairi la Bi Mwanakheri, mizani nane, pumziko, mizani nane, na mahali hapa huwezi kupiga hatua bila kuliimba, kwa hiyo naliimba kwa sauti ya chini, na mgeni ananisikiliza:

Ulikwenda ukapanga, mbali sana hukurudi,
Nakuachia na mwanga, nashika yetu ahadi,
Jirani wananisonga, waniona nimezidi,
Mlango sikuufunga, ingia pasipo hodi.

Tunakwenda, na kwa kuwa barabara hii inapenda kujirudia, pembeni yake namwona Bi Mwanakheri mwenyewe, kibarazani kwake Makorora, vilevile kama nilivyomkuta nilipokuwa chuoni nikizunguka kutafuta mashairi ya kina mama ambayo hayajawahi kuandikwa na mtu. Anachagua mchele kwenye ungo. Anaonekana kama kumbukumbu inavyoonekana, karibu sana na haifikiki. Ananitazama juu mpaka chini. We Mishi, anasema, huko chuoni kwenu hawapiki? Wanapika, Bibi. Basi wanampikia nani, maana wewe umebaki macho na miwani. Nacheka. Ananitolea shairi kutoka kichwani, ubeti kwa ubeti, bila kuinua mkono kwenye mchele, na akifika mwisho anasita, ananinyooshea kidole chenye unga mweupe. Huu wa mwisho, mwanangu, huu ndio nimemtajia jina langu na la baba yangu na mtaa. Watunzi wote wanajitaja mwishoni, namwambia kisomi, ndiyo desturi. Anasonya. Desturi ya wanaojisifu, anasema, mimi sijisifu, mimi namwelekeza mwanangu Mbaruku. Dunia imejaa kina mama wenye watoto waliopotea. Akisikia huko aliko, atajuaje kuwa ni mimi namwita na si mama wa mwenziwe? Basi usiuache. Beti nyingine ni kulia tu, huu ndio wenye njia. Sitauacha, Bibi, nasema. Nasema upesi, kwa moyo mweupe, kama mtu anayeahidi kitu kisichomgharimu. Namwalika aje asikilize siku tutakapoliimba, na yeye ananitazama kama nimesema upuuzi. Halafu nyumbani abaki nani? Afike usiku akute giza?

Mgeni anapita mbele ya kibaraza kile bila kugeuka. Hamwoni Bibi, naye Bibi hamwoni yeye, na ungo unaendelea kupepeta kwa mlio mwembamba mpaka tunaupita. Namtazama yule mtu mgongoni, namna bega lake moja linavyolemewa na begi, na sihitaji kuambiwa tena. Wewe ni Mbaruku, namwambia. Kama ndiyo, anasema, nani ameniita kwa jina hilo? Tunapanda, tunapumua, tunashuka. Ubeti wa kwanza unapita chini ya miguu yetu, unapita wa pili, unapita wa tatu, na mahali ambapo wa nne ungeanza, barabara inatutema nyuma, tunajikuta tena kwenye wa kwanza, mwanga uleule, majirani walewale wenye midomo. Namsikia mgeni akihema. Nimezunguka hivi tangu niliposhuka garini, anasema, unajua kwa nini barabara haifiki? Najua, nasema kimoyomoyo. Najua kwa sababu asubuhi hii nilikuwepo. Asubuhi hii Chedieli amepiga ule mshuko wake wa mwisho, nyuzi zinashuka moja moja kama mtu anayeshuka ngazi akiwa peku asimwamshe mtoto, halafu kimya. Ameinua kichwa, macho yanang'aa. Mishi, sikiliza, tunaishia hapo, ubeti wa tatu, kimya, watu watalia. Na wa nne? nimeuliza. Wa nne ni anwani, mdogo wangu! Mtu analia, wewe unamwambia Makorora, Tanga. Bado sanduku la posta tu. Nimecheka, Mungu anisamehe, nimecheka. Halafu akasema lile lililonishinda: bila jina, kila mama ni huyo mama. Nimeona uzuri wake. Nimesomea uzuri wa namna hiyo miaka mingi darasani na huu hapa umenijia mikononi, nikasema sawa. Nikamwambia tu, kwa sauti ndogo ya mtu anayetaka akataliwe, kwamba nilimwahidi yule bibi. Akashusha gitaa. Nimeandaa mwisho huu kwa wiki nzima, akasema, ukinivunjia mbele ya watu, mimi na wewe basi, utatafuta mpiga gitaa mwingine. Sitanii. Na kwenye tangazo la mlangoni ameandika kwa wino mwekundu, mzuri: maneno ya jadi. Nimelisoma nikipanda ngazi. Nimelisoma, nikapanda.

Safari hii barabara haituzungushi, inafunguka, na mbele yetu kuna mji. Mvua imetoka kunyesha, au mahali hapa ndivyo palivyo siku zote, maana ardhi yote ni maji yaliyotulia na mji uko mara mbili, mmoja umesimama na mwingine umening'inia chini yake kichwa chini, na yote miwili ni Makorora. Nyumba zinafanana. Bati lilelile, kibaraza kilekile, mlango uleule wa mbao umeachwa wazi, taa ileile dirishani, mtaa kwa mtaa, juu na chini, mpaka macho yanachoka. Mgeni anatembea harakaharaka sasa. Anaingia nyumba ya kwanza bila kubisha, kama wimbo ulivyomwambia, na ndani mwanamke ananyanyuka kwenye kiti kwa kishindo, uso wake nao hauna kitu, mikono imeshafunguka. Mwanangu! Ni hapa? anauliza mgeni. Mwanamke anampapasa mabega, anampapasa shingo, mikono inapunguza kasi, inaanguka. Siye, anasema. Wangu ni mfupi. Nyumba ya pili, mwanangu, mikono, siye. Nyumba ya tatu. Kila mlango mama, kila mama anainuka, kila mmoja anakaa tena chini polepole kuliko alivyoinuka, na chini ya miguu yetu, katika ule mji wa majini, wengine vilevile wanainuka na kukaa. Kila mama ni huyo mama. Hapa maneno ya Chedieli ni kweli, na sijapata kuona kitu cha kikatili namna hii. Mmoja ananifuata mpaka nje, khanga imemdondoka begani, amejishika kiuno. Ni wewe unayetuletea wana wa watu? Samahani mama, nasema. Samahani yako nikaipike? Nilikuwa nimeshaanza kusahau, nimeshaanza kulala vizuri, wewe unaniingizia mtu ndani, nainuka na magoti yangu haya. Waambie wanaokutuma, wimbo wenu mzuri. Mzuri sana. Sasa muutie mwenyewe! Mgeni amekaa kwenye ukingo wa kibaraza cha huyo mama, begi amelipakata. Dada, anasema, mimi jina la mama yangu ninalo. Sijalipoteza. Lakini nikilitaja mimi ni kubahatisha, na mtu aliyekaa mbali kama nilivyokaa mimi haji kwa kubahatisha, anaona haya. Nataka kusikia kwamba nimeitwa. Litaje wewe.

Nafungua mdomo. Jina liko kichwani, naliona kabisa, lina mchele na ungo na kidole cheupe, lakini mdomoni halifiki. Kinachotoka ni ule mshuko wa gitaa, nyuzi moja moja, halafu kimya. Najaribu tena, kinatoka kimya peke yake, kizuri, na mgeni anatikisa kichwa. Namwambia, nitalitafuta, nitakutajia, nitakupeleka mpaka mlangoni, nitamwambia kila mtu, nitaandika kitabu. Ananisimamisha kwa kiganja. Usiniahidi makubwa, anasema, makubwa nilimwahidi mama yangu mimi, unaona yalivyokuwa. Niahidi jina moja. Moja tu, nasema. Liko wapi? namuuliza. Anajibu: lilipo, wanafagia.

Basi naenda nikiusikiliza ufagio. Nausikia nyuma ya mji wa juu, kisha nyuma ya mji wa chini, kisha uko mbele yangu, kibanda cha kinyozi chenye vioo pande zote, na ndani yake kinyozi asiye na uso anafagia sakafu. Kilichotapakaa chini ni beti, nyingi, zimelala kama nywele zilizokatwa, nyingine ndefu, nyingine zimejikunja, za zamani zimeshaanza kuwa nyeupe, na kila nikiinama naona majina, binti wa fulani, mwana wa fulani, kwetu mahali fulani. Wateja wamekaa mstarini vitini. Ni nyimbo, zimenyolewa vizuri, zinajitazama kwenye vioo na kugeuza shingo. Karibu msomi, anasema kinyozi, na sauti ni ya Chedieli. Umekuja kupunguza ubeti mwingine? Nimekuja kuchukua wangu, nasema. Anacheka bila mdomo. Mtu akishanyolewa huwa harudi kuokota, dada, anaondoka na kichwa chake chepesi. Jitazame. Nageukia kioo na ndani yake nipo, nimekaa kwenye kiti kile cha jioni, nimemaliza kuimba, watu wamenyamaza kwa namna ambayo nimeiota tangu utoto, mama mmoja anafuta macho kwa ncha ya mtandio, na mimi niliye kiooni nanong'ona: usiharibu. Usiharibu, Mishi, hii haiji mara mbili. Inanichoma kwa sababu ni kweli. Napiga magoti na kupapasa sakafuni. Nashika wa mtu mwingine, nauachia, namwomba radhi, nashika mwingine, halafu mkono wangu unaugusa na ninaujua kwa harufu ya mchele mbichi. Kinyozi amesimama juu yangu, ufagio umetulia. Chukua, anasema, hakuna anayekuzuia. Ila nyuzi zangu hazifiki huko. Ukivuka hapo unavuka mwenyewe. Namtazama mahali ambapo pangekuwa na macho yake. Tumefundishana mengi mimi na yeye. Ndiye aliyeniambia kwa mara ya kwanza kwamba sauti yangu inafaa kusikilizwa. Nasema, samahani kaka Chedi. Anarudia kufagia, anakaza na kulegeza, anakaza na kulegeza.

Mishi. Mishi, amka, wamejaa. Ni Chedieli, ameinama juu ya mkeka, ana uso, ana jasho juu ya mdomo, ana harufu ya sabuni. Unalala kama mtu aliyemaliza kazi, anasema, haya, nawa uso twende. Nanyanyuka. Nautazama ukuta, ni ukuta. Napita pazia na kukaa, na taa waliyonielekezea ni kali kiasi kwamba waliokaa mbele yangu nawaona mabega na magoti tu, mahali pa nyuso pana weupe mtupu. Chedieli anaanza. Naimba ubeti wa kwanza na nasikia barabara chini yake, inapanda, inapumua, inashuka. Naimba wa pili. Naimba wa tatu, na nyuzi zinashuka ngazi peku kama alivyosema zitashuka, na kimya kinakuja. Ni kizuri. Nisidanganye, ni kizuri kuliko cha kiooni. Mtu mmoja anavuta pua gizani. Taa nyekundu ya kinasa sauti inawaka kwenye magoti ya yule bwana wa redio, na Chedieli amefumba macho, amelaza kiganja juu ya nyuzi, ametabasamu kidogo, na ningeweza kukaa humo ndani ya kimya hiki maisha yangu yote. Navuta pumzi. Anaisikia. Anafumbua macho, ananitazama, anatikisa kichwa kidogo sana, hapana, na ni macho ya kuomba, si ya hasira. Naimba:

Hapa mwisho nimetinga, sina jambo la kuzidi,
Mwanakheri nimetunga, binti wa fundi Hamidi,

Sauti inapasuka kwenye Hamidi. Bila gitaa ni nyembamba, ina kikohozi ndani yake, viti vinalia, mtu wa mbele anamnong'oneza mwenziwe, kwani haijaisha? Chedieli ananyanyuka. Halipigi gitaa chini, analilaza tu juu ya kiti chake taratibu, anapita nyuma yangu, namsikia akilisogeza pazia, na hatua zake zinashuka ngazi na hazirudi. Nawatafuta watu kwa macho nipate uso mmoja wa kunihakikishia kwamba hapa ni hapa, kwamba jioni hii ina watu na nje kuna mtaa, na siupati, weupe tu, mabega tu, na huko nyuma kabisa karibu na mlango mtu amesimama na kitu begani, labda begi, labda ni kivuli cha nguzo. Sijui kama nimeamka. Inawezekana ningali mkekani na Chedieli angali upande wa pili wa pazia akikaza nyuzi, rafiki yangu bado. Inawezekana pia kwamba ameshafika barabarani. Taa nyekundu ingali inawaka. Naimba mstari wa tatu, polepole, nikitamka kila silabi jinsi unavyomtamkia mtu aliye mbali ambaye redio yake inakwaruza:

Kwetu Makorora Tanga, ukisahau radidi,

na kwa kuwa ndivyo alivyotunga, radidi, yaani rudia, mstari wa nne uwe huuhuu, na sitaki nisikike vibaya, naurudia.